Ukuta Uliotusitiri Sydenham

Mume wangu aliponipigia simu Tanga kuniambia amepata nyumba mtaa wa Sydenham, Durban, alisema ina bustani. Hakunidanganya. Mbele palikuwa na nyasi zilizokatwa vizuri, mlimau karibu na geti, na ngazi za saruji zilizopakwa rangi nyekundu ambazo ukizisugua kwa nta zinang'aa. Alisema ina veranda, na veranda ilikuwepo. Alisema jikoni kuna jiko la umeme, na ukisimama dirishani unaiona Durban yote inateremka mpaka baharini. Vyote nilivikuta. Ambacho hakusema, nadhani ulimi ulimwia mzito, ni kwamba sehemu yetu ilikuwa nusu ya sebule. Nusu ya pili walikaa ndugu wawili wa Mwanza, mafundi saa, na kati yao na sisi palikuwa na kabati la nguo na pazia la maua.

Nilifika jioni moja ya baridi, miaka ile ya mwisho ya tisini, wakati kwetu mtu yeyote mwenye ndugu Afrika Kusini alihesabiwa kuwa keshapata. Niliketi kitandani, koti sijalivua. Upande wa pili wa kabati mtu alikohoa, kisha akasema kwa heshima, "Karibu, shemeji." Nikaitikia "ahsante" huku nalitazama kabati, maana aliyenikaribisha simwoni.

Mume wangu alikuwa bado amesimama mlangoni na begi langu mkononi. "Ni kwa muda tu," alisema.

"Sawa," nikasema.

Nililelewa kwenye nyumba ya reli, baba yangu akiwa mtumishi wa stesheni, na baraza yetu haikukauka wageni. Usiku ule nililala nimejikunja, nikiogopa hata kugeuka kitanda kisije kikalia.

Baada ya siku chache nikawajua wenzetu. Chumba kikubwa kilikuwa cha mama mmoja wa Bukavu, mumewe, na mapacha wao wa kike. Chumba kidogo walikaa wasichana wa Kikongo waliosuka nywele saluni mjini. Gereji ilikuwa ya vijana wa Dar waliolinda magari usiku; wao walilala mchana na kutoka jua likizama. Wengine walikuja wakaondoka kabla sijazizoea sura zao. Asubuhi tulipanga foleni ya bafu, kila mtu na ndoo yake, tukisalimiana kwa Kiswahili cha kila namna.

Mwenye nyumba alikaa Morningside, kule juu kilimani kwenye miti mikubwa, na alikuwa na sharti moja alilolirudia kila alipokuja. Nyumba ile, kwa macho ya mtaa, ilikuwa ya bwana mmoja na mke wake. Manispaa wakijua ni watu wangapi wanaishi humo, sote tutatoka. Kwa hiyo geti la mbele lilikuwa la mume wangu na mimi. Yeye alikuwa na shati safi hata alipotoka kwenda kupanga mikanda yake kwenye meza ya barabarani pale soko la Warwick, na mimi nilivaa mtandio kama wanawake wengi wa mtaa ule. Sisi ndio tulikuwa sura ya nyumba. Wengine walipitia kichochoro cha nyuma.

Maisha yetu ya kweli yalikuwa uani. Mtaa wote ulikuwa umekaa kwenye mteremko, kila nyumba chini kidogo ya mwenzake. Kati ya ua wetu na ua wa nyumba ya chini palikuwa na ukuta wa matofali, mrefu kuliko mtu, ulioshikilia udongo wa upande wetu na kutuficha humo humo. Nyuma ya ukuta ule tulipikia majiko ya mafuta ya taa umeme ulipokatika, tukaanika magodoro, tukafua, tukasuka, tukagombana na kupatana. Barabarani huoni kitu. Ukipita, unaona mlimau na ngazi nyekundu.

Nyumba ya chini ilikuwa ya mama mmoja mjane wa Kihindi. Mtaa mzima ulimwita Anti, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nzito, anatembea na ndara za mpira mchana kutwa kati ya jiko lake na waridi zake. Upande wa mbele, ukuta ulikoma na palikuwa na ua mdogo wa michongoma, na hapo ndipo tulipoanza kusalimiana. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, chake kilikwenda mbio na kuishia juu, lakini tulielewana. Aliposikia jina langu ni la Kiislamu akafurahi kama aliyepata ndugu.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia kwenye joto la Desemba. Siku ya kwanza, kabla ya magharibi, nilisikia ananiita kwenye michongoma. Alikuwa na sahani iliyofunikwa kitambaa chenye shanga pembeni. Ndani mlikuwa na sambusa ndogo ndogo, tende, na bakuli la supu nzito ya ngano na nyama ambayo wao wanaiita haleem. Nilipoionja nilikumbuka bokoboko ya kwetu na machozi yakanilengalenga.

"Yako na ya mume wako," alisema.

Nikashukuru. Ndani ya nyumba sahani ile ilizungukwa na mafundi saa wawili, mapacha waliokuja kunusa ingawa si Waislamu, na kijana mmoja wa gereji aliyekuwa amefunga. Kila mtu alipata kipande. Siku iliyofuata nilirudisha sahani na vitumbua juu yake, na Anti akaleta nyingine. Ikawa hivyo mwezi mzima, na mwezi mzima nilishukuru kwa niaba ya watu wawili.

Siku ya Idd alinialika kwake. Niliingia kwa mlango wa mbele, nikakaa kwenye kochi lililofunikwa nailoni, nikanywea chai kwenye kikombe chembamba chenye ukingo wa dhahabu. Akanitoa nje kunionyesha waridi zilizopandwa na marehemu mumewe, mstari mzima kando ya ukuta, nyekundu, za manjano, na moja ya rangi ya maziwa aliyosema ina tabia mbaya. Ng'ambo ya ukuta nilimsikia mama wa mapacha akifoka mtoto asimwage maji. Nikakohoa ili sauti isisikike.

"Nyumba kubwa ile," Anti alisema, "nyinyi wawili tu. Hamwoni upweke?"

"Mungu akipenda watakuja watoto," nilisema.

Akanishika mkono akaniombea dua pale pale, macho amefumba. Mimi sikufumba. Nilikuwa naangalia nyufa za ukuta.

Nyufa zile tulikuwa tumeshamwambia mwenye nyumba. Alisema ataleta fundi.

Mvua zilizokuja baada ya Idd hazikuwa za kawaida. Zilinyesha mchana, zikanyesha usiku, maji yakashuka mtaani kama mto, na ua wetu ukajaa tope jekundu. Alasiri moja nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Mama wa mapacha alikuwa amekaa juu ya ndoo, anachambua mchicha. Tukasikia sauti kama lori linamwaga kokoto, ikaendelea muda mrefu kuliko inavyotakiwa, halafu kimya.

Yeye ndiye aliyetoka kwanza. "Dada, kuya uone!" alipiga kelele. "Ukuta imeanguka yote!"

Nilitoka na kisu mkononi. Ninachokumbuka ni mwanga. Ua wetu siku zote ulikuwa na kiza cha ukuta, na sasa mwanga wa mvua uliingia mpaka mlangoni pa gereji. Pale chini, matofali na udongo vilikuwa vimelala juu ya bustani ya Anti mpaka karibu na kamba yake ya nguo. Waridi hazikuonekana. Anti mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko lake, mikono ina unga. Tukamshukuru Mungu kwa sauti kwamba hakuwa bustanini, mimi kwa Kiarabu na mama wa mapacha kwa Kifaransa.

Kisha kila mtu akatoka. Vijana wa gereji walikurupuka usingizini wakidhani ni tetemeko. Mmoja ana chupi tu, mwingine amejifunga khanga yangu aliyoivuta kambani. Msichana wa saluni akatoka na nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Mapacha wakatoka peku. Nyuma yetu, chini ya bati, yalikuwa yamepangwa majiko yote ya mafuta ya taa, magodoro yaliyolowa yameegeshwa ukutani, na beseni ambamo nilikuwa nimeroweka nguo za ndani, zangu na za mume wangu. Hapakuwa na pa kujificha. Tulisimama ukingoni kama watu waliotolewa kwenye basi ili wakaguliwe.

Anti alitutazama mmoja mmoja. Macho yake yakaja kutua kwangu.

"Nyote?" alisema. "Nyote mnakaa humo?"

Mimi ndiye niliyekuwa sura ya nyumba, wote wakanigeukia.

"Ndiyo, Anti."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Alipeleka mkono mdomoni, unga ukabaki kidevuni. Nilingoja afoke. Angefoka ningepata pa kushika, ningeomba radhi, ningelia. Lakini alisema kwa sauti ya chini, kama anajiuliza mwenyewe, "Sasa zile sambusa mlikuwa mnagawana vipi?"

Akaingia ndani na kufunga mlango.

Mimi nilirudi jikoni nikaendelea na vitunguu. Mama wa mapacha alikuja akasimama nyuma yangu. "Wacha ye aangalie," alisema. "Sisi haiko banyama." Alisema kweli, hatukuwa wanyama, lakini uso wangu uliwaka moto mpaka masikioni. Nilimwonea haya hata yeye, maana ndani ya moyo wangu nilikuwa nimetamani asingetoka, wao wote wasingetoka, nibaki peke yangu pale ukingoni na mtandio wangu.

Mume wangu aliporudi alitoka kwenda kumpigia mwenye nyumba kwenye kibanda cha simu. Alirudi amelowa. "Anasema ukuta ni wa yule mama," alisema. "Anasema tusimbughudhi kwa mambo ya mvua."

Mwishoni mwa wiki mvua ikakatika. Jumamosi asubuhi gari jeupe lilisimama kwa Anti, akashuka mwanawe wa kiume, mtu mzima mwenye mvi pembeni mwa masikio. Mume wangu alimwona kutoka dirishani. Alivua fulana akavaa shati lake la Idd, akachana nywele, akatoka kwenda kuongea naye kama mwanamume na mwanamume. Nilimfuata mpaka mlango wa jikoni.

Yule bwana alisimama chini kwenye kifusi. Mume wangu alikuwa juu, ukingoni, lakini ukiwatazama ungedhani yeye ndiye aliye chini.

"Wewe ndiye mkubwa wa hawa?" yule bwana aliuliza.

"Hapana bwana, mimi mpangaji tu."

"Mama yangu aliambiwa hii ni nyumba yako na mke wako."

Mume wangu akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

"Mama yangu anakaa peke yake," yule bwana aliendelea. "Kuna wanaume wangapi wanalala hapo nyuma?"

Mume wangu akacheka tena.

"Unacheka nini? Nimesema kichekesho?"

"Samahani, bwana. Samahani sana." Akashusha macho. "Sisi tutaondoa haya matofali. Leo hii. Hutalipa mtu."

"Nitalipa kwa nini? Uchafu ni wenu."

"Ndiyo, bwana. Ni wetu."

Nilimjua mume wangu tangu tukiwa vijana. Alikuwa mtu wa maneno. Kwenye harusi ndiye aliyepewa kipaza sauti. Na pale alisimama na shati lake la Idd, mikono ameikunja mbele kama mwanafunzi, anacheka kicheko cha kuomba asipigwe. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikahisi kitu kibaya zaidi: sikutaka ageuke anione, si kwa ajili ya kumsitiri, bali kwa sababu sikutaka kuwa mke wake kwa dakika ile. Nikarudi ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Alikuja akavua shati, akalitundika vizuri, akavaa nguo kuukuu. Mafundi saa wakajiunga naye, na vijana wa gereji waliokosa usingizi, na mume wa mama wa mapacha. Wakashuka kwenye kifusi wakaanza kubeba matofali, mazima wakiyapanga huku na vipande kule. Jua la Durban baada ya mvua halina huruma. Hewa ilikuwa kama ya sufuria iliyofunikwa. Walifanya kazi wanaimba. Mtu aliyepita angewaona wana raha.

Karibu na adhuhuri nilimsikia Anti. Hakuja kwenye michongoma. Aliita kutoka mlango wa jiko lake.

"Binti! Njoo uwapelekee wafanyakazi chai."

Wafanyakazi. Nilishuka kwa kupitia palipokuwa na ukuta, nikaingia kwake kwa mlango wa nyuma. Mezani palikuwa na sinia, na juu ya sinia vikombe vya bati vyeupe vyenye ukingo wa bluu, vimebanduka rangi na kuota madoa meusi. Nilivijua. Siku ya Idd niliviona vimefunikwa nje, chini ya bomba, karibu na bakuli la mbwa. Vilikuwa vya mzee aliyekuja kumkatia majani. Pembeni palikuwa na mkate uliokatwa vipande vinene, umepakwa jamu nyekundu, umefungwa kwenye karatasi. Nyuma ya Anti, kwenye kabati la vioo, vile vyembamba vya ukingo wa dhahabu vilikuwa vimepangwa mahali pake.

Anti hakunitazama. Alitia sukari nyingi, kijiko juu ya kijiko, akakoroga kila kikombe kwa uangalifu. Nadhani alitaka kusema kitu. Mimi nilitaka aseme, na niliomba asiseme.

"Waambie chai ni ya moto," ndicho alichosema.

Nikabeba sinia. Mume wangu alipoona, aliacha matofali, akajifuta mikono kwenye suruali, akakipokea kikombe kwa mikono miwili. "Ahsante, Anti!" alipaza sauti kuelekea jikoni, kwa furaha. Akakaa juu ya rundo la matofali akanywa kwa kupuliza. Nilisimama na sinia tupu.

Nilipopanda juu, mama wa mapacha alikuwa ananingoja. Alikuwa ameona yote.

"Vile vikombe," nilimwambia.

"Najua." Alichukua sinia mkononi mwangu. "Hata kwetu Bukavu nilikuwa navyo. Vya boyi." Boyi ni mtumishi wa nyumbani. Alisema bila uchungu wala tabasamu. "Nilikuwa naviweka nje, ju ya dirisha. Sikujua kama vinauma mutu."

Hapo ndipo nilipokumbuka kikombe cha plastiki cha kijani kilichoning'inizwa kwenye msumari nyuma ya nyumba yetu ya reli. Kilikuwa cha muuza maji. Mama yangu, mtu mwenye huruma, alimpa uji ndani yake kila asubuhi, na sisi watoto tulikatazwa kukigusa. Sijui yule mzee alikuwa akikitazama kwa moyo gani. Sikuwahi kumwangalia usoni anapokunywa.

Kazi iliisha jioni. Usiku, wenzetu wa upande wa pili wa kabati walipotoka nje kupunga upepo, nilimwambia mume wangu kwa sauti ya chini kwamba asinywe tena chai ya watu.

"Chai ilikuwa tamu," alisema.

"Umeona vikombe?"

"Nimeona."

"Na bado ukasema ahsante, kwa sauti ya kuamsha mtaa."

Alikaa kitandani, viganja vimechubuka, anaokota vijiwe vidogo kwenye ngozi. "Si vikombe vilivyokukera," alisema. "Ni kule kucheka kwangu asubuhi. Nilikuona mlangoni."

Nikachomoa pini kwenye mtandio wangu.

"Ulitaka nifanyeje? Nimjibu? Angepiga simu manispaa kabla ya chakula cha mchana. Wale mapacha wangelala wapi?" Akaokota kijiwe kingine. "Mimi mwenyewe sikujua kama nina kicheko kile. Kimetoka tu."

Nikamshika mkono ili nimtoe vijiwe, naye akanipa kiganja bila kunitazama. Nilichokuwa nacho moyoni sikumwambia, na sijui kama alikijua. Tuliendelea hivyo, mimi na pini, mpaka wenzetu waliporudi na kukohoa kuonyesha wamerudi.

Manispaa walikuja hata hivyo. Sikujua nani aliwaita, na sikutaka kujua. Labda mwanawe, labda mtu mwingine wa mtaa, maana kwa muda nafasi ile ilikuwa wazi na yeyote aliyepita kwenye barabara ya chini alituona kama tuko jukwaani. Walikuja wawili, wana adabu, wakapita chumba kwa chumba. Mmoja alifungua pazia letu la maua, akasema "samahani, mama," akalifunga. Mwenye nyumba akapewa onyo, na yeye akatupa sisi mpaka mwisho wa mwezi.

Tulihama siku moja, kwa pikapu ya kukodi iliyokwenda na kurudi. Kwa mara ya kwanza watu wote walitumia geti la mbele. Magodoro, majiko, ndoo, televisheni isiyo na mgongo, vyote vilipangwa kwenye nyasi na kando ya barabara, na jirani wakatoka kwenye veranda zao. Waliotazama hawakucheka. Mtu mmoja alisema "eish" na kutikisa kichwa. Msichana wa saluni alikaa juu ya sanduku lake akapaka rangi kucha, na nilimwonea wivu. Mimi nilijifanya nafunga kamba ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Anti alikuwa kwenye dirisha lake la mbele. Pazia lilikuwa limesogezwa kidogo. Mume wangu alimpungia, nami nikainama kwenye kamba. Nilipoinua uso pazia lilikuwa limerudi.

Tulipata chumba kwenye ghorofa karibu na bandari, kibovu, lifti haifanyi kazi, lakini kilikuwa na mlango wetu wenyewe na kitasa chake. Mama wa mapacha alipata cha chini yetu. Nikaanza kwenda Warwick kumsaidia mume wangu. Asubuhi tulipanga mikanda na miwani, teksi, ndizo daladala za kule, zikipiga honi, wabeba mizigo wakipita na mikokoteni yao wakipiga miluzi watu wapishe, na wamama wa dawa za mitishamba wakitandika magome yao ng'ambo ya barabara. Nilizoea. Nikajua kusalimia "sawubona" na kuitikia "sharp", nikajua kumwita mteja kabla hajanitazama. Mume wangu akarudi kuwa mtu wa maneno. Alikuwa na mzaha kwa kila mpita njia.

Siku moja, miezi mingi baadaye, nilimwona Anti anakuja. Alikuwa ametoka soko la mboga, ana kikapu cha magurudumu nyuma yake, ndara zile zile miguuni. Amezeeka kidogo, au labda ni kwa kumwona mbali na bustani yake. Alikuwa anapita karibu kabisa na meza zetu.

Sikufikiri. Niliinama, nikaingia chini ya meza, katikati ya maboksi. Kitambaa cha meza kilikuwa kinaning'inia mbele, na chini yake niliona magurudumu ya kikapu yakija, yakasimama.

"Anti!" nilimsikia mume wangu. Sauti ile ile ya furaha. "Habari za siku nyingi!"

"Ni wewe!" alisema Anti. "Allah! Ni wewe kweli." Akamuuliza anaendeleaje, biashara inaendaje. Akasema ukuta umejengwa upya, mrefu zaidi, lakini waridi zimekataa. Halafu akauliza, "Na mke wako? Yuko wapi yule binti? Namfikiria."

Nilikuwa nimekumbatia boksi la mikanda, goti langu limegusa mguu wa mume wangu. Angeweza kucheka akasema huyu hapa, na mimi ningetoka na vumbi kichwani nikaeleza nilikuwa natafuta nini. Nilimngoja aseme. Nilihisi mguu wake ukisogea, ukanigusa, ukatulia.

"Yuko nyumbani, Anti," alisema. "Hajisikii vizuri leo. Atafurahi sana nikimwambia."

"Mwambie nimemsalimia. Mwambie aje. Aje mbele, apige kengele."

"Nitamwambia."

Magurudumu yakaondoka. Nilibaki chini mpaka niliposikia mume wangu amerudi kuwaita wateja. Nilipotoka alikuwa amenipa mgongo, anapanga miwani ambayo ilikuwa imepangwa.

"Amekusalimia," alisema.

"Nimesikia."

Sikuwahi kwenda kupiga ile kengele. Tulikaa Durban miaka mingine, tukapata watoto, na mara nyingi teksi ilipita Sydenham nami ndani yake nikitazama upande wa pili. Mume wangu hakuniuliza kwa nini, wala hakumsimulia mtu kwamba mkewe alijificha chini ya meza. Siku ile alinisubiri nijifute vumbi magotini, kisha akanikabidhi mkanda wa kahawia na kuniambia mteja mwenye shati la bluu pale anataka kuujaribu.